Harambee ya kuliokoa jumba la mchili, Old Moshi

Ndugu, jamaa na marafiki, wana Old Moshi mlioko kihambani, kwenye mashamba ya ukoo, na mliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na ng'ambo, salaam.

Jumba la mawe la mchili, mkuu wa mtaa wa enzi za machifu, lile lenye veranda ndefu inayotazama mji wa Moshi kule chini, halitastahimili misimu miwili mingine ya masika. Tunaomba shilingi 19,500,000 ili lisianguke. Wapo wanaoshauri libomolewe ijengwe nyumba ya tofali za saruji. Kamati imelikagua na mafundi, chumba kwa chumba, na jibu letu ni hapana. Mawe ni mazima na msingi umekaa. Kinacholiua ni maji, na maji yanazuilika.

Vijana wengi wamelikuta jumba hili likiwa tupu, kwa hiyo tueleze kidogo. Hapa Old Moshi ndipo Mangi (chifu) Rindi alipotawala, ndipo Wajerumani walipojenga kituo chao, na ndipo walipomnyonga mwanawe, Mangi Meli, Machi 1900. Chini ya mangi walikuwapo wachili, kila mmoja na mtaa wake: kugawa vihamba, kukusanya kodi, kusikiliza kesi za mipaka na za maji ya mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, mabati na vioo vikaanza kupanda mlimani kwa urahisi zaidi. Kisha ikaja fedha ya kahawa, chama cha wakulima wenyeji cha KNPA mwaka 1925 na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Ukoo wa mchili mwenye jumba hili ulikuwa miongoni mwa zile koo za mlimani zilizogeuza kahawa kuwa mawe, bati na ada za shule. Veranda ile haikujengwa kwa fahari tu. Ilikuwa baraza ya kesi, na benchi la mawe lililojengewa ukutani bado lipo, limelainika kwa kukaliwa. Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963 baraza likanyamaza, na watoto wa ukoo, waliosomeshwa wakasoma, wakaenda kufanya kazi mbali.

Sasa ukoo umeridhia jumba litumike na kijiji: vyumba viwili vya mbele viwe chumba cha kusomea cha wanafunzi wa sekondari, kimoja kitunze picha na hati za zamani za eneo letu. Ridhaa hiyo imeandikwa, ikatiwa saini na wanaukoo mbele ya uongozi wa kijiji. Bila maandishi hayo tusingethubutu kuomba hata senti. Makaburi ya ukoo yaliyo upande wa mashariki, yaliyozungushiwa mimea ya masale, hayaguswi, na mfereji wa kuondoa maji tutakaouchimba utayakwepa.

Tatizo la kwanza liko juu. Bati ni la zamani, zito na zuri kwa wakati wake, lakini limetoboka kwenye matundu ya misumari na pale bati moja linapolala juu ya jingine. Maji yakiingia hapo yanafuata kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, hadi kwenye ubao unaokaa juu ya ukuta. Ubao huo ukilowa, mchwa hufuata. Upande wa nyuma, ukiuchoma kwa bisibisi inazama hadi kwenye mpini. Kenchi zenyewe nyingi bado ni ngumu kama chuma, na fundi ameagizwa asing'oe hata moja isipokuwa iliyooza. Paa linahitaji bati 140 za mita 3, geji 28, kwa shilingi 36,000 kila moja, kofia 24 za mgongo wa paa, papi (mbao nyembamba za kupigilia bati) 160 za mbili kwa mbili, mbao 90 za mbili kwa nne, mbao 24 za mbili kwa sita za kupita juu ya kuta, na kilo 35 za misumari yenye raba. Pamoja na ufundi ni shilingi 11,118,000. Ndugu atakayependa kuchangia bati badala ya fedha, tafadhali awe makini na geji. Bati la geji 32 ni jembamba, upepo wa Agosti utalikunja. Mbao ziwe zimetiwa dawa, la sivyo tunawaandalia mchwa karamu.

Tatizo la pili halionekani kwa mpita njia, nalo ndilo baya kuliko yote. Kuta zimejengwa kwa mawe ya volkano yaliyoshikwa kwa udongo na kupigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu kidogo kutoka ardhini na kuutoa nje kupitia chokaa. Miaka ya baadaye, kwa nia njema kabisa, ulipigwa lipu ya saruji juu yake. Saruji haipumui. Unyevu ukikosa njia unabaki ndani, udongo kati ya mawe unalainika na kuwa tope, lipu inavimba na kubanduka mapande kwa mapande. Gonga ukuta wa jikoni kwa kifundo cha kidole uusikie ulivyo mtupu kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Kuziba nyufa kwa saruji nyingine, kama ilivyofanyika mara kwa mara, kunaongeza ugonjwa.

Kwa hiyo saruji yote ya nje itabanduliwa kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu, bila kutumia sururu, maana sururu inang'oa na mawe. Udongo uliolainika utakwanguliwa kwenye viungo hadi kufikia mgumu. Chokaa italowekwa kwenye mapipa kwa wiki mbili angalau kabla ya kutumika. Mchanganyiko ni kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga mkali uliooshwa, na kiasi kidogo cha pozolana, udongo wa volkano wa hapa hapa Kilimanjaro, kama ule wa Holili, unaosaidia chokaa kushika penye unyevu. Lipu itapigwa mikono miwili, yaani matabaka mawili, na kila mkono ufunikwe magunia mabichi kwa wiki nzima. Chokaa inayokaushwa haraka na jua hupasuka na kugeuka unga. Mifuko 110 ya chokaa, lori tatu za mchanga, pozolana na ufundi vinafikia shilingi 6,900,000.

Lakini hata lipu nzuri itashindwa kama maji hayataondolewa miguuni. Mfongo unaopita juu ya nyumba umebomoka kingo, na kila siku ya zamu ya kumwagilia maji yanapenya hadi nyuma ya jiko. Kipande cha mita 20 kitajengewa mawe. Migomba iliyosogea ukutani itahamishwa, ibaki mita tatu za wazi. Paa litawekewa gata mita 60 na tanki la lita 5,000, na mfereji wa mawe utazunguka nyumba ukielekea kwenye korongo. Kazi hii ni shilingi 4,000,000. Milango na madirisha ya mbao, yatakayokarabatiwa na si kubadilishwa, ni shilingi 2,482,000.

Jumla ni shilingi 24,500,000. Ukoo umetoa 5,000,000. Wanakijiji watatoa nguvu kazi kwenye mfongo na mfereji, kila kaya siku yake, na mawe ya ziada yatatoka kihambani hapo hapo.

Jambo moja tunalisisitiza. Paa halitafunuliwa mpaka fedha yote ya paa iwe mkononi. Nyumba ya mawe na udongo ikikutwa wazi na mvua ya wiki moja, kuta zake zinafumuka. Kazi itaanza Juni, masika ikishakatika, na bati la mwisho lazima lipigwe kabla ya vuli ya Novemba. Fedha ikipungua tutafanya paa na maji, lipu isubiri mwaka unaofuata. Rangi isizungumzwe kwa sasa.

Harambee itafanyika Desemba 27, saa nne asubuhi, kwenye veranda ya jumba lenyewe, wengi mkiwa mmepanda nyumbani kwa Krismasi. Ahadi zitapokelewa na kuandikwa, na mwisho wa kuzilipa ni Mei 15. Michango ipitie akaunti ya kamati, ambayo namba yake imebandikwa ofisi ya kijiji na itasomwa kanisani na msikitini. Usitume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa mjumbe wa kamati. Kila anayetoa atapewa stakabadhi, na hesabu itabandikwa kila mwisho wa mwezi, pamoja na risiti za duka.

Wenye picha za zamani za jumba, hasa zinazoonyesha madirisha ya upande wa nyuma, waje nazo siku hiyo. Fundi seremala anazihitaji ili ajue fremu za awali zilivyogawanywa.

Kamati ya Harambee, Old Moshi