Kipanya cha hezi 8,000 hakiponyi skrini ya hezi 60

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagharimu vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaopenda michezo ya kompyuta. Madukani Darajani, na siku hizi hata huku Chake Chake, vipanya vya michezo hunadiwa kwa namba moja iliyoandikwa kwa maandishi makubwa juu ya boksi: hezi 1,000, hezi 4,000, na sasa hezi 8,000. Mnunuzi huambiwa kwamba kadiri namba inavyopanda, ndivyo mchezo unavyoacha kuchelewa. Maneno hayo ni kweli, lakini ni kweli nusu.

Namba hiyo huonesha kompyuta inakiuliza kipanya mara ngapi kwa sekunde kama kimesogezwa au kimebonyezwa, kwa kuwa kipanya cha USB hakisemi mpaka kiulizwe. Kile cha kawaida cha ofisini huulizwa mara 125, yaani kila baada ya milisekunde 8 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na kwa hiyo mkono ukisogea punde tu baada ya swali kupita, taarifa yake hungoja karibu milisekunde 8 nzima. Kwa wastani ni 4. Kwa hezi 1,000 kungoja huko hakuzidi milisekunde 1. Faida hiyo haina ubishi, na anayecheza michezo ya kulenga shabaha ana haki ya kuitaka.

Ninakotia shaka ni kutoka 1,000 kwenda 8,000. Kinachookolewa hapo, kwa wastani, hakifiki nusu ya milisekunde, ilhali skrini ya hezi 60, ambayo ndiyo iliyomo katika laptopu nyingi za mitumba tunazonunua, hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Taarifa ya kipanya iliyowahi kwa hiyo nusu ya milisekunde husubiri picha ijayo, mfano wa abiria aliyewahi bandarini na boti bado haijafika.

Tena kila taarifa ya kipanya huikatiza prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kazi yake. Kijana mmoja aliniletea laptopu ya zamani akilalamika kuwa kipanya chake kipya ni kibovu, kwani picha zilikuwa zikikwama kila alipokizungusha kwa kasi. Nilikishusha kutoka 8,000 hadi 1,000 kwenye mipangilio yake, na mchezo ukatulia pale pale. Vipanya visivyo na waya navyo humaliza chaji mapema vikiwekwa kiwango cha juu. (DPI, yaani nukta kwa kila inchi, ambayo wauzaji huichanganya na hezi, ni jambo jingine kabisa: hiyo hupima mwendo wa mkono, haipimi muda.)

Kwa wanaocheza mtandaoni na seva zilizoko Ulaya, safari ya taarifa kwenda na kurudi huweza kuzidi milisekunde 100, na hakuna kipanya kinachoifupisha.

Ombi langu kwa wafanyabiashara ni kwamba, kabla ya kupokea fedha, wamuulize mnunuzi skrini yake ni ya hezi ngapi na kompyuta yake ni ya umri gani. Akiwa na hezi 60, bora wamuuzie kipanya cha hezi 1,000, na fedha itakayobaki aiwekee skrini ya hezi 144, ambayo picha yake hubadilika kila baada ya milisekunde 7 hivi.

Wako,
Fundi wa kompyuta,
Chake Chake, Pemba.