Mnasema tumwone wakili. Wakili wa nani?

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu enzi nilizokuwa nikiligombania na walimu wenzangu kabla ya kengele ya saa nne, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Si kwamba nilikosa la kusema. Ila ile ripoti yenu ya maswali ya kisheria kuhusu kununua, kuuza na kuweka rehani nyumba imenishinda kunyamaza. Karibu kila swali lilipewa jibu moja. Muuzaji ana deni la benki? Mwone wakili. Hati bado ina jina la marehemu babu? Mwone wakili. Mume anauza na mke hana habari? Mwone wakili. Mwandishi wenu hakujisumbua kuuliza lile ambalo sisi huku Nakuru tunalihitaji kuliko yote: wakili wa nani?

Sisemi mlidanganya. Ni kweli mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Ni kweli mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, naye muuzaji akabeba kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 imepanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Yote hayo mliyaandika sawasawa, na mtu angeweza kuyakata na kuyabandika ukutani. Lakini karatasi hizo hazijiandiki zenyewe. Kuna mtu anayeziandika, na mtu huyo ana upande.

Mimi na mzee wangu tulipata nyumba upande wa Lanet, vyumba vitatu, tangi la maji ya mvua na uwanja wa kufugia kuku. Muuzaji ni mtu wa kanisani kwetu. Tuliposema tunatafuta wakili wa kutusimamia, wakili wake alicheka kwa upole, akatuambia, "Mama, nyinyi ni ndugu katika imani, ya nini kulisha mawakili wawili? Mimi nitawahudumia wote." Ada yake tukagawana nusu kwa nusu na muuzaji. Tayari tulikuwa tumefanya sachi, yaani kukagua rejista katika ofisi ya ardhi, na Sehemu C ya rejista ilionyesha wazi kwamba nyumba iko kwa rehani ya benki. Akasema hilo ni jambo dogo, bei italipa deni kwanza, salio limwendee muuzaji. Na kweli nyumba nyingi zenye mkopo huuzwa hivyo. Ila palipo na mawakili wawili, mmoja humbana mwenzake kwa barua ya ahadi ambayo akiivunja anahatarisha leseni yake, ndipo pesa na hati zinapobadilishana mikono. Sasa mtu mmoja atajibana vipi? Atajiandikia barua, aifunge, aitie stempu, kisha aipokee mlangoni?

Mkataba ulipokuja, nikakuta kifungu kinachosema kodi zote zitakazotokana na mauzo zitakuwa juu ya mnunuzi. Yaani ile kodi ya faida ya muuzaji, faida ambayo sisi hatukuionja, tuibebe sisi. Nikauliza. Wakili akasema ndiyo desturi. Desturi ya nani? Nikachukua kalamu nikakikata kifungu chote, naye akamwambia mume wangu kwamba walimu hawastaafu kusahihisha. Tukacheka sote. Arubuni ya asilimia 10 ikaingia kwenye akaunti yake, aishike mpaka siku ya kukamilisha. Halafu Jumamosi moja niko ndani ya nyumba hiyo napima madirisha ya pazia, mama mmoja akaingia na mabegi yake kutoka Kitale, anakofanya kazi, akaniuliza mimi ni nani na kwa nini naning'inia dirishani kwake. Alikuwa mke wa muuzaji. Hakuwa ameambiwa lolote, hakuwa ametia sahihi popote, na hakuwa tayari kutia. Simlaumu hata kidogo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 iko upande wake, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yake, na ningekuwa yeye ningeitupa ile futi yangu nje ya lango. Ninayemlaumu ni yule aliyeandaa mkataba wa kuuza nyumba ya ndoa bila kuuliza mke yuko wapi! Tukarudi ofisini kudai arubuni. Haikuwepo. Alikuwa amempa muuzaji, eti alibanwa na karo. Nikamkumbusha kwamba pesa zile alipaswa kuzishika kwa niaba yetu sote. Mhariri, mtu yule aliyepokea nusu ya ada yake kutoka mfukoni mwetu aliniangalia bila kupepesa akasema, "Mama, mimi namwakilisha muuzaji. Kama una malalamiko, tafuta wakili wako." Wakati wa kulipa alikuwa wakili wa wote. Wakati wa kudai, mimi sina wakili!

Malalamishi yangu yameshapelekwa yanakopelekwa, hayo si ya gazeti.

Na mabenki nayo yasijidai yako pembeni. Mdogo wangu anaishi Mamboleo, Kisumu. Aliamua kuhamisha mkopo wa nyumba yake kutoka benki moja hadi nyingine kwa sababu ya riba. Akalipia mthamini upya, akalipia kuondolewa kwa rehani ya kwanza, akalipia kuandikwa kwa rehani ya pili na ushuru wake wa stempu wa asilimia 0.1, na ada ya wakili aliyeyaandaa hayo yote ikatoka kwake. Alipompigia wakili huyo kuuliza atatozwa nini akimaliza mkopo mapema, akajibiwa kwamba wakili hupokea maagizo kutoka kwa benki. Unamlipa, lakini si wako. Shemeji akatia sahihi ya ridhaa kwa ajili ya mapatano ya nyumbani, akaelezwa hati nzima kwa dakika chache na karani aliyekuwa na simu sikioni. Mkichelewa kulipa ndipo mnapogundua zile karatasi zilisema nini: notisi ya miezi 3, kisha nyingine ya siku 40, kisha dalali na nyundo yake.

Tena, kwa kuwa nimeshaanza, hizi kuta za Nakuru. Kila ukipita, ploti hii haiuzwi, nyumba hii haiuzwi, jihadharini na matapeli. Mji ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2021 na bado mwenye mali analinda hatimiliki kwa rangi nyekundu na brashi. Wenye mali wanajua kitu ambacho ripoti yenu haikukigusa. Sachi inakuambia kilichoandikwa kwenye rejista. Haikuambii nani anaishi ndani, nani analima nyuma, wala mke amesafiri wapi.

Pendekezo langu ni rahisi. Ukurasa wa kwanza wa kila mkataba wa nyumba uwe na sentensi moja, kwa herufi kubwa kama za ubavuni mwa matatu: wakili huyu anamtetea fulani, na fulani peke yake. Muuzaji na mnunuzi waweke dole gumba chini yake, hata kama wana digrii. Chama cha Mawakili kikiona hilo ni gumu, basi mawakili wavae jezi wakiwa ofisini. Wa muuzaji avae kijani ya Gor Mahia, wa mnunuzi avae buluu ya wapinzani wao Ingwe, yaani AFC Leopards, wa benki avae anayotaka mradi tumwone kwa mbali. Anayetaka kuwahudumia wote avae nyeusi ya refa, na asipokee senti kwa timu yoyote. Nimeshajua tu kifungu cha gharama za jezi kitakavyoandikwa, na zitakuwa juu ya nani.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru