Medikali ya Grin Kadi, Usiende Kwa Pupa

Minneapolis, Juni 2023

Shoga yangu Zuhura,

Meseji yako nimeisoma jana usiku nikitoka shifti, nikacheka peke yangu kwa basi, eti "nimeshinda lotari na sasa nimechoka." Ndio ilivyo bibi, kushinda lotari ya grin kadi, kile kibali cha kuishi Marekani, ni rahisi, kazi ni makaratasi.

Umeniuliza mwende lini medikali, vile vipimo vya afya vya visa, na watu wamekwambia usubiri mpaka wiki mbili kabla ya intavyuu. Hawajakosea. Mimi kosa langu lilikuwa pupa. 2019 nilipima mwezi wa pili ili nimalize mapema nikae roho safi, kufika intavyuu nikaambiwa karatasi yangu moja haijatimia, kuzungushwa zungushwa, visa ikatoka mwezi wa tano. Mimi nshapiga hesabu, miezi sita kutoka mwezi wa tano ni Novemba, kuna wakati. Kufungua pasipoti naona Agosti! Nikadhani wamekosea wallahi. Kumbe visa haihesabiwi kutoka siku ya kugongwa peke yake, inaangalia na medikali, na medikali yenyewe kwa kawaida ina miezi sita tu, ikiisha na visa imeisha. Ndio ukaona friji na vitu vya duka nimeuza bei ya kutupa, na mamangu nimemuacha hata bandeji ya upasuaji haijatoka.

Lakini wewe kesi yako si kama yangu, na hapa ndipo nataka unisikilize. Baba Salma aliugua TB zamani, si ndio? Alimeza dawa akapona, alhamdulillahi, lakini kovu kwenye pafu huwa linabaki na eksrei italiona. Wakiliona watamtaka makohozi, asubuhi tatu mfululizo, halafu wanayaotesha maabara, na kuotesha huko ni wiki nane. Nane! Hakuna wa kuwaharakisha. Sasa intavyuu yenu ni mwisho wa Agosti, akienda medikali katikati ya Agosti kama mlivyoshauriwa, majibu yatoka Oktoba, na visa za lotari mwisho wa kutolewa ni tarehe 30 Septemba, ikipita hiyo hakuna rufaa, bahati imekwenda. Kwa hiyo yeye aende sasa hivi, hata wiki ijayo, panda naye treni ya SGR mpaka Nairobi, na mbebe makaratasi yote ya ile tiba yake ya zamani, kama hayapo arudi hospitali alikotibiwa wamtolee. Wewe na watoto mwaweza kungoja Julai mkitaka. Ila mtoto mdogo atatolewa damu ya kupima TB, wa miaka miwili mpaka kumi na nne ndio wanafanyiwa hivyo, mwandae asije akawatia aibu kwa kulia. Na kadi za kliniki zote, chanjo isiyo na ushahidi utadungwa tena, na ya korona pia mwaka huu wa 2023 bado wanaitaka.

Jambo jengine, mtu akipita kwa njia hiyo ya makohozi medikali yake huwa ni miezi mitatu, si sita. Kwa hivyo yaweza kuwa wewe na watoto visa zenu zaenda mpaka Januari na yake inaisha Novemba. Usiangalie yako ukaridhika, fungua pasipoti moja moja siku hiyo hiyo mtakayopewa. Na mshindi ni wewe, yeye na watoto wameingia kwa mgongo wako, hawawezi kutangulia Marekani kabla yako, ama mwaingia pamoja ama wewe kwanza. Najua wataka Salma amalize KCPE, mtihani wake wa darasa la nane. Sawa, afanye, lakini akiweka kalamu chini tu tikiti iwe iko tayari, msianze mambo ya kuaga ukoo mzima mpaka Lamu.

Halafu usitishwe na hiyo 30 Septemba, ni mwisho wa kupewa visa, sio mwisho wa kusafiri. Mkishapewa mwasafiri hata Oktoba, muradi tarehe ya kwenye visa haijapita. Ikipita ukiwa bado Mombasa hawaongezi hata siku moja, na kwa lotari huwezi kuomba nyengine.

Wakikupa bahasha iliyofungwa usiifungue, hata wifi yako akisema ni kuchungulia tu. Sidii ya eksrei weka mkoba wa mkononi, sio kwenye sanduku.

Ada ya grin kadi mwaka huu wa 2023 ni dola 220 kwa kila mtu, hiyo nitawalipia mimi huku kwa mtandao, tutahesabiana baadae. Wewe nitafutie tu ubuyu wa Zanzibar na makoti usinunue huko, ya huko ni ya baridi ya Limuru, huku Novemba utalia.

Nisalimie mama mkwe. Na Baba Salma mwambie asiogope, makohozi si mtihani.

Wako,
Rukia