Mtajeni na aliyetunga sauti

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa sanaa siukosi, na nawashukuru waandishi wake kwa kuhudhuria maonyesho ambayo wengine huyapuuza. Ila jambo moja linaniuma. Mwongozaji hutajwa, waigizaji hutajwa, hata aliyeshona maleba. Aliyetunga sauti hatajwi. Tunaambiwa tu kwamba muziki ulipendeza.

Ndiyo kazi inayonilisha: natunga sauti za filamu, za tamthilia na za dansi. Wengi hudhani ni kazi moja. Filamu kwa kawaida huenda fremu 24, yaani picha 24 moja moja, kwa sekunde. Mlango ukifungwa na kishindo chake kikachelewa fremu tatu nne tu, mtazamaji anashtuka. Hata kimya hurekodiwa, maana kila chumba kina mvumo wake, na ukiukata kabisa mtu atadhani spika zimezimika.

Jukwaani ni mengine. Leo mwigizaji atasita kabla ya neno la mwisho, kesho atalirukia. Kwa hiyo sauti yangu ya mvua naigawa vipande, na fundi mitambo huviachia kimoja kimoja akimfuata mwigizaji. Ukumbi nao una masharti yake: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo aliyeketi mita 34 kutoka jukwaani hulipata neno sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Spika iliyo karibu naye isipocheleweshwa kiasi hicho, maneno yanamgongana masikioni.

Dansi naipenda kuliko zote. Mdundo mzito humfikia mchezaji kupitia nyayo, kwenye mbao za sakafu. Mazoezini huketi chini karibu na wachezaji nikisikiliza pumzi zao, kwani pumzi huniambia hatua ijayo ina uzito gani. Mara nyingi nimeondoa ala nzima ili pumzi hizo zisikike.

Tuzo za Tony, zile za tamthilia huko Marekani, zilianza kuwatuza wabunifu wa sauti mwaka 2008. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba vipengele hivyo vinafutwa. Wenye fani wakapinga, na vikarudishwa mwaka 2018. Kumbe kusahaulika kwetu kuko hata huko.

Mwongozaji anayetafuta mtunzi husoma tahakiki zenu. Kijana asiyetajwa humo hapigiwi simu. Jina lake limo kwenye karatasi ya programu, au mwishoni mwa filamu. Liandikeni. Na sauti ikiwa mbovu, semeni hivyo pia, kwa jina lilelile.

Wako,
Mtunzi wa sauti