Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wazazi wa Watoto Wenye Seli Mundu, Malindi

Wazazi wenzangu, asalaam aleikum, na salamu kwenu nyote.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina; ada haipandi. Waliofiwa mwaka huu, poleni sana, Mungu awape subira.

Nataka nikae zaidi kwenye haidroksiyurea, dawa ya vidonge wanayomeza watoto wetu, kwa sababu kuanzia Mambrui hadi Gede nimeulizwa swali moja: mtoto ameshapata nafuu, ya nini kumtoa damu ya kupima tena?

Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni katika damu. Mtoto huzaliwa na ile ya uchangani, ambayo haiipindi seli nyekundu ya damu ikawa mundu. Ndiyo maana wana wetu huwa wazima miezi ya mwanzo. Kisha jeni yake hunyamazishwa, himoglobini ya ukubwani ikashika zamu. Hapo vidole huvimba na vilio vya usiku huanza. Lakini jeni ile haijafa. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walionyesha kuwa protini iitwayo BCL11A ndiyo inayoinyamazisha. Casgevy, tiba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, huipunguza protini hiyo katika seli zinazozaa damu nyekundu, jeni ile ikaamka tena. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Inaniuma kuitaja mbele ya mama anayeuza mahamri apate nauli ya kliniki.

Sisi tuna kidonge cha haidroksiyurea. Hubana kimeng'enya, yaani protini ya kazi, kinachoandaa viungo vya DNA, hivyo seli za uboho hugawanyika polepole. Uboho unapojitahidi kufidia, hutoa seli zenye himoglobini ya uchangani kwa wingi zaidi. Utafiti wa REACH, uliowatibu watoto 606 katika nchi nne, Kilifi yetu ikiwemo, ulionyesha mwaka 2019 kwamba maumivu, maambukizi, malaria na vifo vilipungua.

Ila dawa ile ile huzibana pia seli nyeupe, askari wa mwili, maana nazo huzaliwa humo humo ubohoni. Dozi ikizidi, askari hao hupungua, na homa ndogo ikawa ya hatari. Kipimo cha damu ndicho kinachomwonyesha daktari apandishe au ashushe. Kwa hiyo nawasihi: msigawie ndugu wawili vidonge vya mmoja, hata dawa ikiadimika. Tuambieni mapema.

Kamati inaiandikia kaunti ombi kwamba dawa na kipimo visiwe mzigo wa mzazi peke yake. Karatasi ya sahihi iko kwa katibu. Asiyeandika ataweka dole gumba.