Gemu za zamani zinazouzwa upya zikaguliwe kabla ya kulipiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu gemu za zamani, hasa za miaka ya 1980 na 1990, zilizouzwa upya au zinazokodishwa kwenye mashine za mkononi kama Nintendo 3DS, PSP ya Sony na Nintendo Switch. Matangazo, na hata makala za teknolojia, hutaja bei na idadi ya gemu basi. Hayasemi gemu yenyewe inaendeshwaje ndani ya mashine mpya, na hapo ndipo mnunuzi anapopunjwa.

Gemu ya kaseti iliandikiwa chipu ya mashine yake. Ukiihamishia kwingine, mara nyingi huhitaji emyuleta, yaani programu inayojifanya ile mashine ya zamani. Emyuleta nzuri hutajua kama ipo. Mbovu itakufanya uvilaumu vidole vyako.

Kitu cha kwanza kukagua ni kasi. Ulaya, na sehemu kubwa ya Afrika zikiwamo Kenya na Tanzania, televisheni zilifuata mfumo wa PAL, picha ikichorwa upya mara 50 kwa sekunde. Marekani na Japani zilikuwa na NTSC, karibu mara 60. Gemu nyingi za wakati ule hazikuwa na saa. Zilihesabu muda kwa fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kiooni. Kwa hiyo toleo la PAL ambalo watengenezaji hawakulirekebisha hutembea kwa sehemu tano tu kati ya sita za kasi yake, na mara nyingi muziki nao huvutika.

Walioumia zaidi ni wenye PSP walionunua gemu za PlayStation ya kwanza katika duka la Ulaya, kwa sababu huko ziliuzwa za PAL. Kioo cha PSP huchora karibu mara 60. Fremu 50 hazijazi nafasi 60, hivyo kila sekunde fremu kama 10 hurudiwa, na mandhari inayosogea pembeni inashtukashtuka. Hakuna mpangilio wa kawaida wa kuliondoa tatizo hilo. Dawa ni toleo la Marekani. Kulitambua la PAL ni rahisi. Iache gemu kwenye skrini ya mwanzo bila kugusa kitufe mpaka onyesho lake lijiendeshe lenyewe, pima muda, kisha linganisha na video ya toleo la Marekani. Onyesho la sekunde 60 likichukua 72, umeuziwa PAL isiyorekebishwa. Nintendo walionyesha kwamba jambo hili linawezekana kufanywa vizuri: walipoleta gemu za Nintendo 64 kwenye Switch mwezi Oktoba 2021, wateja wa Ulaya walipewa matoleo ya Kiingereza ya 60 Hz (picha 60 kwa sekunde), na yale ya 50 Hz yakabaki kama chaguo kwa baadhi ya gemu zenye lugha nyingine.

Baada ya kasi, picha. Hapa hesabu ya darasa la nne inatosha. Kioo cha Game Boy, mashine ya mkononi ya zamani ya Nintendo, kina pikseli (vidoto vya picha) 160 kwa upana na 144 kwa kimo. Kioo cha juu cha 3DS kina mistari 240 ya pikseli kwa kimo. Ukigawa 240 kwa 144 unapata 1.67, si namba kamili, kwa hiyo mistari mingine hunenepa, mingine hukonda, na maandishi hufifia. Wengi hudhani kioo kimeharibika. Dawa ni kushikilia Start au Select huku ukiifungua gemu, usiachie mpaka ianze. Picha itakuwa ndogo lakini safi, pikseli moja kwa pikseli moja. Kwenye PSP fungua menyu ya ndani ya gemu, uchague Original badala ya Normal au Full Screen, maana mistari 240 ya PlayStation inaenea ndani ya 272 bila kuvutwa.

Switch ina mistari 720 ikiwa mkononi. Game Boy huingia humo mara tano kamili, ndiyo maana inapendeza sana. Game Boy Advance yenye mistari 160 huingia mara nne na nusu, na hiyo nusu ndiyo inayoleta ukungu picha ikijaza kioo chote. NES, mashine ya Nintendo ya miaka ya 1980, huingia mara tatu kwa kimo, lakini ukichagua uwiano wa 4:3, yaani umbo la televisheni ya zamani, upana wa pikseli 256 hutanuliwa kufikia 960, yaani mara 3.75, na Mario akikimbia utaona nguzo za picha zikipepesa. Chagua Pixel Perfect. Wapo watakaosema watu wanakuwa wembamba kuliko walivyokuwa kwenye televisheni, na ni kweli. Mimi naona afadhali wembamba kuliko kupepesa.

Kuchelewa kwa vitufe hakuonekani kwenye tangazo lolote, ila simu ya kawaida yenye kamera ya fremu 240 kwa sekunde inakupimia. Rekodi kidole na kioo kwa pamoja, bonyeza kitufe cha kuruka, halafu hesabu fremu za video tangu kitufe kinaposhuka mpaka mchezaji anapoinuka. Kila fremu nne za simu ni fremu moja ya gemu. Kwa kipimo changu, fremu za simu zikizidi 24, gemu za kuruka hazifai kununuliwa, ingawa za kupanga vita kwa zamu au za hadithi hutahisi kitu. Pima kwa vitufe vya mashine yenyewe, si kwa padi ya Bluetooth.

Suala la kuhifadhi ndilo linalowaliza watu. Kaseti nyingi zilikuwa na memori ndogo inayolindwa na betri, na emyuleta huiga memori hiyo. Juu yake huongeza hifadhi ya papo hapo, inayopiga picha ya hali nzima ya mashine wakati huo, pamoja na ile memori ya kaseti. Ukihifadhi kwa njia hii Jumatatu, ukaendelea wiki nzima ukihifadhi ndani ya gemu, kisha Jumapili ukairudisha picha ya Jumatatu, unarudisha pia kaseti ya Jumatatu. Ukihifadhi tena ndani ya gemu, wiki nzima imekwenda. Tumia njia moja tu katika gemu ndefu, nayo iwe ya gemu yenyewe. Gemu za kwanza za Pokémon zilizotolewa kwenye 3DS Februari 2016 hazikupewa hifadhi ya papo hapo, na ni busara: vinginevyo mtu angembadilishia mwenzake mnyama kisha arudi nyuma amkute bado anaye.

Jihadhari pia na gemu za Game Boy Advance kwenye 3DS. Hizo haziendeshwi na emyuleta ya kawaida. Mashine hubadilika na kuziendesha kwa chipu zake yenyewe. Faida ni kasi sahihi. Hasara ni kwamba hakuna hifadhi ya papo hapo, na ukifunga kifuniko mashine hailali. Mtu huiweka kwenye begi akidhani imelala, akifika nyumbani betri imekwisha na alichocheza kimepotea.

Mwisho ni umiliki, hasa kwa wanaonunua mashine za mitumba. Muuzaji atakwambia 3DS ina gemu 30 ndani. Ununuzi mpya katika duka la 3DS ulifungwa tarehe 27 Machi 2023. Waliokwisha kununua wanaweza kuzipakua tena, lakini kwa akaunti yao. Ukiifuta mashine hiyo ili uanze upya, hutazirudisha. Usikubali kuifuta kabla ya kufungua kila gemu uliyoahidiwa, moja baada ya nyingine, mbele ya muuzaji.

Kwenye Switch gemu za Nintendo nilizotaja hununui bali unazikodi kwa uanachama: dola 19.99 kwa mwaka kwa bei ya Marekani, au 49.99 ukitaka na Nintendo 64 na Game Boy Advance. Mashine inatakiwa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila siku saba, la sivyo gemu hizo zote zitagoma. Anayesafiri kwenda kijijini kusiko na mtandao aiunganishe kwa bando la simu asubuhi ya safari, afungue programu ya NES, kisha ya SNES (mashine iliyoifuata NES), kisha ya Game Boy, ahakikishe kila moja imefunguka, ndipo azime data.

Fundi wa mashine za gemu,
Dar es Salaam