Kwa Baba Zai, kuhusu ile make inayonyamaza

Ndugu yangu Baba Zai,

Salama huko? Mama Zai na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, joto tu la Dar na umeme wa kukatika katika. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, nikaona bora nikuandikie kabisa maana hili haliishi kwa simu.

Umesema make, ile programu ya kujengea msimbo, inaisha vizuri, hamna kosa hata moja, QEMU, ile kompyuta ya kuigiza, inafunguka, lakini kerneli (kile kiini cha mfumo wa kompyuta) inayowaka siyo ile uliyoandika jana. Bwana, niliposikia hivyo nikajishika kichwa, hiyo kitu mimi ilinila siku tatu nzima na mpaka leo naikumbuka, kwa hiyo usiguse tena msimbo wako wa C, tulia kwanza nikusimulie.

Nilikuwa naandika kile kipande cha kugawa kurasa za memori. Kerneli yenyewe ndogo tu, boot.s, kmain.c, vga.c na hicho kipya pmm.c. Kila nikibadilisha kitu napiga make run, dirisha la QEMU linafunguka, naona "Habari, kerneli iko hai" pale kona ya juu kushoto, ila zile namba za kurasa nilizotaka zichapwe hazitokei. Nikadhani kosa liko kwenye funksheni ya kuchapa namba, nikaiandika upya yote. Wapi. Nikadhani labda naisoma vibaya ile ramani ya memori ambayo GRUB, programu inayoiwasha kerneli, inaikabidhi, siku ya pili yote ikaishia kwenye maelezo ya multiboot, yale makubaliano ya GRUB na kerneli, nahesabu baiti moja moja kwenye karatasi. Siku ya tatu usiku nikafanya jambo dogo kabisa, nikafuta neno Habari nikaweka Salamu. Neno moja tu. make run. Skrini ikaniandikia Habari.

Hapo nikasimamisha kila kitu. Nikapiga ls -l kuona saa za mafaili, os.iso, ile picha ya diski inayowashwa na QEMU, ina saa ya dakika ile ile, mpya kabisa, na hiyo ndiyo iliyokuwa inanidanganya siku zote tatu maana kila nikiiangalia naona imejengwa sasa hivi. Nikaingia folda ya iso/boot. kernel.elf iliyomo ndani, yaani kerneli yenyewe iliyokwisha kujengwa, ni ya Jumanne. Na siku hiyo ni Ijumaa. Nikarudi folda kuu kutafuta kernel.elf inayotakiwa kunakiliwa kwenda kule, haipo. Haipo kabisa yaani.

Sasa tazama Makefile yangu, lile faili la maagizo ya make, ilivyokuwa:

kernel.elf: $(OBJS)
	@i686-elf-ld -T linker.ld -o $@ $(OBJS) 2>&1 | tee -a build.log > /dev/null

os.iso: kernel.elf
	@cp kernel.elf iso/boot/ 2> /dev/null || true
	@grub-mkrescue -o $@ iso 2> /dev/null

Nilitaka terminali iwe safi, basi. Fungua build.log uone: undefined reference to `memcpy', mstari baada ya mstari, tangu Jumanne, yaani linka, ile i686-elf-ld inayounganisha vipande kuwa kerneli moja, imeikosa memcpy, funksheni ya kunakili memori. Kwenye pmm.c nilikuwa nanakili struct nzima, yaani furushi la data, kwa alama ya = tu, na GCC, kompaila yenyewe, ikikuta struct kubwa hivyo inaweza kuigeuza iwe mwito wa memcpy, hata kama umeweka -ffreestanding, ile ya kuiambia hakuna maktaba ya kawaida ya C. Inategemea uwe na memcpy, memmove, memset na memcmp zako mwenyewe, na mimi sikuwa nazo. Linka ikakataa na ikalifuta faili ililokuwa inalitengeneza.

Ila make haikujua. Kila programu ikimaliza kazi inaacha namba, 0 maana yake salama, nyingine yoyote maana yake kuna tatizo, na make inaangalia hiyo namba tu, haisomi maneno. Ukiunganisha programu mbili kwa paipu, ile alama ya |, namba inayorudi ni ya ile ya mwisho. Ya mwisho kwangu ni tee, na tee kazi yake ni kuandika alicholetewa, kaandika, karudisha 0. make ikaridhika. Na kingine watu wengi hawakijui: make ikishapata hiyo 0 hairudi kukagua kama kernel.elf kweli imezaliwa, inachukulia ipo inasonga mbele. cp ikakosa cha kunakili, || true ikalifunika, grub-mkrescue ikakuta ile ya Jumanne imekaa pale ikaifunga vizuri kwenye ISO ya leo. Watu watatu wamepokezana uongo na kila mmoja kasema salama.

Kwa hiyo wewe anza hivi. Futa iso/boot/kernel.elf kwa mkono kisha jenga upya. Ikigoma kuwaka, umeshampata. Halafu toa zile @ zote mpaka tatizo liishe, uione komandi yenyewe nzima inavyopita, maana @ inaficha komandi tu lakini ukichanganya na 2> /dev/null umeziba na mdomo. Kama hutaki kuzitoa piga make -n, itakuonyesha komandi zote bila kuzifanya, @ au hakuna @. Na make --trace (ipo tangu GNU make 4.0) inakwambia kila lengo, yaani faili la kujengwa, linajengwa kwa sababu gani, hiyo naipenda sana. Kwenye kerneli ya Linux wenzetu wameliwaza hili mapema, kawaida unaona vimistari vifupi vya CC na jina la faili, ila ukisema make V=1 inamwaga komandi zote na V=2 inataja sababu ya kila kitu kujengwa upya.

Kama paipu unaihitaji kweli, weka juu kabisa ya Makefile:

SHELL := /bin/bash
.SHELLFLAGS := -e -o pipefail -c
.DELETE_ON_ERROR:

Ile ya kwanza usiisahau, make yenyewe inatumia /bin/sh, na kwenye Ubuntu na Debian hiyo ni dash. pipefail inafanya paipu nzima ihesabiwe imefeli kama yeyote ndani yake kafeli. .DELETE_ON_ERROR inafuta lengo lililoandikwa nusu komandi ikifeli njiani, lisije likaonekana jipya kesho. Na || true ing'oe. Ile alama ya - mbele ya komandi nayo inasamehe makosa, ila angalau inaacha mstari wenye neno ignored, ukiwa na macho utauona.

Kitu kingine nimekikumbuka kwenye sauti yako, ulisema umeongeza sehemu moja kwenye struct process na tangu hapo kerneli inajiwasha upya yenyewe. Hilo naomba uliangalie peke yake, silo hili la kwanza. Umebadilisha process.h, lakini Makefile yako inasema %.o inatokana na %.c tu, header, yaani hiyo process.h, haijatajwa popote, kwa hiyo sched.o ni ya zamani bado inadhani esp, ile sehemu inayotunza anwani ya stack, iko baiti ya 8 wakati faili ulilolikompaili leo linaiweka baiti ya 12. Mmoja anaandika huku mwenzake anasoma kule, unarukia anwani ya ajabu, prosesa inakosa pa kukimbilia, inajizima na kuwaka upya. Hamna kompaila duniani itakayokulalamikia hapo, kila faili peke yake ni sahihi. Ongeza -MMD -MP kwenye CFLAGS, ile orodha ya maagizo ya kompaila, na mwisho wa Makefile weka -include $(OBJS:.o=.d), GCC itakuandikia yenyewe nani anategemea header gani. QEMU nayo ukiifungua na -no-reboot -d int itasimama pale pale na kukuonyesha mara ya mwisho ilikatizwa na nini.

Unajua hii make yenyewe ilizaliwa kwa shida kama hii hii. Stuart Feldman aliitengeneza pale Bell Labs mwaka 1976 baada ya Steve Johnson, yule aliyeandika programu ya yacc, kumwingilia ofisini amefura, asubuhi yake yote imepotea anatafuta kosa kwenye programu ambayo ni sahihi, kosa alishalirekebisha ila faili halikuwa limekompailiwa tena. Mimi nikilisoma hilo napata faraja kwa kweli, miaka yote hii tunahangaika na kitu kile kile.

Na kama una ile for ya kuingia kila folda na kuita make humo, angalia ndani yake kuna || exit 1, bila hivyo namba inayorudi ni ya folda ya mwisho tu, na folda ya drivers ikifeli katikati hutajua. Majina ya vigeuzi uliyokosea herufi, make inayaona matupu na haisemi neno, piga make --warn-undefined-variables yatajitokeza yenyewe. Halafu ukitumia grub-file --is-x86-multiboot kernel.elf kukagua kama GRUB itaitambua kerneli yako usishangae ikikaa kimya, hiyo ndiyo tabia yake, iwe ndiyo au hapana haiandiki kitu, mpaka uulize echo $? ndo upate jibu.

Leo usiku ukipata umeme nitumie ls -l --full-time ya vitu vitatu, kernel.elf ya folda kuu, ile ya ndani ya iso/boot, na os.iso, pamoja na Makefile yako yote kama ilivyo usiisafishe. Nitakuwa macho mpaka saa sita. Msalimie sana Mama Zai, mwambie ule mkate wa kumimina wa siku ile bado tunauongelea hapa nyumbani.

Wako ndugu yako,
wa Mbagala